Kwelea Kwelea Kwenye Kompyuta ya Jirani

Juzi mpwa wangu kanipigia simu kutoka Iringa, sauti imemkauka kwa hasira. Ule mchezo wa vita vya miungu umetoka upya, na kila akiuweka kwenye kiwango kigumu, kompyuta inamfunga. "Shangazi, hili dude linapigwaje?" Nikacheka, rafiki yangu, maana swali hilo niliwahi kulala nalo na kuamka nalo.

Ilikuwa Chimala. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na sebuleni kwake kompyuta mbili kuukuu zilizounganishwa kwa waya. Tukitoka shule tulijazana humo kuucheza mchezo huohuo, miguu ina vumbi, harufu ya pumba imetanda, bakuli la viazi vitamu linazunguka. Kanuni ilikuwa moja: anayefungwa anainuka. Mtoto wa jirani hakuinuka kamwe. Alijifungia nyuma ya ukuta wake, akalima, akachimba dhahabu, akasali hekaluni mpaka miungu impe majitu. Yakitoka hayo majitu, huna kwenu. Bibi yangu, Mlutheri wa kweli, alichungulia siku moja akaguna: "Miungu yote hiyo mnaisumbua ya nini? Mmoja hatoshi?"

Shule zikifunguliwa, yule kijana angekwenda bweni Igowole, na baba yake alishasema kompyuta zitauzwa. Nilitaka kumfunga walau mara moja kabla hajaondoka. Nilitaka mpaka wali ukawa haupiti kooni. Nikajenga ukuta kama wake, akaubomoa. Nikakusanya majitu, yake yakawa mengi zaidi. Alikuwa anafanyaje huyu?

Likizo hiyo mpunga ulikuwa unajaza punje, nami nikapangiwa kuamia ndege. Napiga debe kona hii, kwelea kwelea wanainuka, wanatua kona ile. Nakimbilia huko, wamesharudi nilikotoka. Hakuna aliyepigana nami, lakini jioni nilikuwa hoi na mpunga umeliwa. Nikabaki nimesimama tutani na debe langu, nikiwatazama kwa hamu kuliko hasira. Kumbe anayechoka ni mwenye shamba!

Nilipokaa tena kwenye kompyuta, sikungoja majitu. Nilituma wapanda farasi wachache mashambani kwake. Wakulima wakakimbia kujificha. Jeshi lake likaja, mimi nikaondoka, nikaibukia kwenye machimbo ya dhahabu. Likaja huko, nikarudi shambani. Wembamba wa reli, treni inapita. Bila mavuno na bila dhahabu, hekalu lake lilibaki kimya. Hakuna jitu hata moja lililotoka. Nikaingia na jeshi zima, sebule nzima ikapiga kelele.

Akainuka. Nilidhani atanuna, lakini alinishika mkono. "We dada, hiyo umefundishwa na nani?"

Kesho yake nikampeleka shambani, nikampa debe. Alikimbia kutoka kona hadi kona huku akicheka, akihema, akiniuliza hili na lile kuhusu ndege mpaka jua likazama. Sikumbuki kufurahi hivyo tena.

Kompyuta ziliuzwa kweli, na sebule ile sasa ni duka la vocha. Mimi bado nacheza, kwenye mtandao, na watu nisiowajua sura. Nawafunga wengi. Wanazima tu na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimewezaje.