Smoker isiyohitaji kuangaliwa, na ukoo mzima uliokuja kuiangalia

Wakuu, nawasalimu kutoka Sekei, Arusha. Haya yalinitokea mwenyewe, nyumbani kwangu, na sijayatia chumvi. Mashahidi wapo, ila nusu yao ni mashemeji zangu, na hao ndio watuhumiwa.

Uzi huu unamfaa yeyote anayefikiria kuweka smoker ya kuivisha nyama kwa moshi nyuma ya nyumba, na ambaye kama mimi anataka ile isiyodai kusimamiwa kutwa nzima.

Kwanza mjue kwa nini niliitaka.

Mwanangu wa kwanza, Tumaini, alipopata kipaimara, nyama nilichoma mwenyewe. Wakati wa keki MC akaita, "Baba mzazi asogee mbele alishwe keki." Baba mzazi alikuwa nyuma ya nyumba, machozi yanamtoka kwa moshi, anageuza mbavu. MC akaita mara tatu. Mara ya nne akasimama shemeji yangu Anaeli, kaka wa mke wangu, mtu wa Nduruma. Akafunga kifungo cha koti, akaenda kufungua mdomo kwa niaba yangu.

Mjomba ni mjomba, sikatai. Lakini tangu siku ile kila tukikutana ananisalimia hivi: "Shemeji, leo keki anakula nani?"

Tumaini hakuwahi kuniambia kitu. Afadhali angesema.

Mwaka jana ikafika zamu ya binti yangu, Nuru. Miezi mitano kabla ya sherehe tulikuwa jikoni, anamenya ndizi, akaniuliza bila kuinua uso.

"Baba, siku yangu utakuwa mezani au utakuwa kwenye nyama?"

"Mezani."

"Na nyama?"

"Itajiangalia yenyewe."

Mama yake alikuwa anapita na beseni. Akasema, "Hiyo iandike, halafu utie sahihi."

Basi nikaingia kwenye utafiti. Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne, mengine yote nimejisomea, na nikianza kujisomea jambo huwa siachi katikati. Nilinunua daftari. Nilitazama video za wanaume wenye ndevu ndefu na aproni nyeusi wanaozungumza na kipande cha nyama kwa upole ambao sijui kama wake zao wanaupata. Pamoja na hayo, wanajua kazi yao. Nawapa muhtasari ili msipoteze miezi kama mimi.

Smoker ya umeme ndiyo inayosifiwa sana. Unaijaza vidonge vya mbao, inajilisha, inajipima joto, hata simu inakutumia ujumbe. Kwa kulala usingizi haina mpinzani. Tatizo letu ni kwamba umeme nao unajiamulia. Na vidonge vyenyewe niliviulizia mjini maduka matatu. La tatu wakaniletea mfuko wa chakula cha sungura, wakaniapia ndivyo hivyo.

Kuna ile ya pipa la kulala, yenye sanduku la moto pembeni. Kwa sura ni nzuri, ukisimama karibu yake unaonekana mtu wa maana. Lakini inataka kuni kila baada ya nusu saa hivi, ikikosa inapoa, ikizidishiwa inaunguza. Hiyo ni ndama aliyefiwa na mama. Kama una nafasi ya kunyonyesha ndama kutwa, chukua.

Ya udongo mnene, yenye umbo la yai, hutunza joto kuliko zote. Mafundi niliowaendea walinijibu "tutajaribu," neno ambalo kwa fundi maana yake ni kwaheri.

Nikaishia kwenye pipa la kusimama. Mkaa unakaa chini kwenye kikapu cha chuma, nyama inakaa juu kwenye wavu, mfuniko unabana, na hewa inaingia kwa matundu machache ya chini ambayo unayafungua au kuyaziba kwa koki. Moto ukipunguziwa hewa haufi, unatulia. Siri yote ni hiyo, na inashangaza jinsi watu wazima wengi wasivyoijua.

Nilimpelekea mchoro fundi Saidi, mchomelea vyuma wa Kwa Mrombo. Aliugeuza mara mbili.

"Mzee wangu, mlango wa kuchochea sijauona."

"Haupo."

"Sasa utachocheaje?"

"Sichochei."

Akavua miwani ya kuchomelea. "Mimi majiko nimetengeneza mpaka ya mganga wa kienyeji. Jiko lisilochochewa ni pambo. Sema ukweli, hili ni la kufichia nini?"

Alilitengeneza hata hivyo, na vizuri. Nasisitiza mambo mawili kwa watakaoenda kwa fundi. Pipa liwe lililobeba mafuta ya kula, si dawa za shamba, na rangi yote iunguzwe kwa moto mkali kabla nyama haijaingia. Na wavu usiwe wa waya wa uzio uliopakwa zinki, maana zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Fundi akikwambia "hiyo huwa inaisha yenyewe," mwambie aanze yeye kula.

Nikafanya majaribio Jumamosi nne, kila saa naandika joto. Jumamosi ya kwanza nilikausha paja la mbuzi hadi mbwa wa jirani akalikataa. Ya pili na ya tatu nikajifunza koki. Ya nne, kwa mkaa wa kilo nne na vipande vitatu vya kisiki kikavu cha mti wa kahawa, joto lilikaa kati ya nyuzi 108 na 115 kwa saa saba, na koki niligusa mara mbili tu. Nyama ilitoka laini, ina rangi ya udongo mwekundu, inanukia kama kihamba, shamba la migomba na kahawa, wakati wa jioni. Mke wangu alikula kimya, akaongeza kipande. Kwake hiyo ni hotuba.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Moshi mzuri ni mwembamba, wa bluu, unakaribia kutoonekana. Moshi mweupe mnene unaleta uchungu kwenye nyama. Ukitazama pipa ukadhani limezimika, hongera, ndipo linapofanya kazi.

Siku ya kipaimara niliwasha saa kumi na mbili asubuhi. Kidari cha ng'ombe na mapaja manne ya mbuzi. Joto likatulia, nikafunga koki mbili, nikavaa suti, nikaenda ibadani na familia yangu. Mchungaji alihubiri, na mimi nilisikiliza, jambo ambalo siku ya Tumaini sikulifanya. Tuliporudi saa saba, kipimajoto kilisoma 112.

Zilibaki saa mbili tu nyama iive. Wageni walikuwa wanaanza kuingia, na kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene na kukiegemeza kwenye pipa:

SMOKER HII HAIHITAJI KUANGALIWA. ASANTENI.

Wakuu, someni tena. Mimi nilimaanisha haihitaji kusimamiwa. Ningeweza kuandika "kusimamiwa." Ningeweza kuandika "kuchochewa." Neno moja tu, na mimi ndiye mtu ninayejisifu kwa usahihi.

Nikaenda mezani, nikakaa kulia kwa Nuru.

Baba mkwe akafika na msafara wake. Nikasimama, "Shikamoo baba," akaitikia, akatazama kiti changu, akatazama nyuma ya nyumba.

"Nyama anaangalia nani?"

"Hakuna mtu, baba. Inajiangalia."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto mchanga ameachwa barabarani. "Nyama ya wageni haina mtu?"

"Ni mtambo wa kisasa, baba. Nimeupima wiki nne."

"Anaeli."

"Naam, baba."

"Nenda kaangalie nyama."

Anaeli akavua koti, akaliweka kwenye kiti, akaniinamia. "Shemeji, wewe kaa na keki yako. Wanaume twende."

Yaliyofuata alinisimulia mke wangu, ambaye alikuwa anapakua pilau hatua sita kutoka lilipo pipa. Anaeli aliondoka na wanaume wawili. Baada ya dakika kumi walikuwa tisa. Kwetu, wanaume wakisikia kuna nyama kwenye moto na hotuba kwenye turubai, hawaulizwi mara mbili.

"Imeandikwa haihitaji kuangaliwa."

"Ndiyo maana uiangalie. Mtu akikwambia humo ndani hamna kitu, wewe unaamini?"

"Funua kidogo."

"Mbona haitoi moshi?"

"Imekufa hiyo. Shemeji kawasha, kaenda kanisani. Moto gani unakaa peke yake ibada nzima? Hata sisi tulisinzia."

Kila aliyefika alifunua mfuniko. Mke wangu alihesabu mara kumi na moja, halafu pilau ikamshughulisha. Aliwaambia waache. Wakamjibu, "Dada, wewe angalia wali." Kwa wasiojua, kila mfuniko unapofunuliwa joto linatoroka na hewa inaingia, moto unachachamaa. Kwa hiyo walikuwa wanaipoza nyama na kuupandisha moto kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata kwa makusudi ni gumu.

Kisha Anaeli, kwa kuwa moshi haukumridhisha, akafungua koki zote. Na kwa kuwa kuni hakuziona, akaenda kwenye uzio wangu akakata matawi mabichi ya mkaratusi. Na majani yake.

Mezani, MC alikuwa ameanza kuita keki. Nuru ameshika kisu, amevaa gauni jeupe. Ndipo ikapanda juu ya paa la nyumba nguzo ya moshi mweupe, mnene, umenyooka kuelekea Mlima Meru. Turubai zima likageuka. MC naye hakuacha ipite. "Wageni waalikwa, naona Walutheri leo nasi tumepata Papa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua kilichotokea kana kwamba nilikuwa nimesimama pale. Nilijua pia cha kufanya: kutoa matawi, kufunga koki mbili, kufunika. Dakika mbili. Nyama ingepona kwa kiasi kikubwa.

Dakika mbili. Hata siku ya Tumaini nilijiambia ni dakika mbili.

Nuru aliuona moshi, akaniona nauona.

"Baba, moshi."

"Nauona."

"Huendi?"

Wakuu, nimepima mambo mengi maishani kwa saa na rula. Sikumbuki kipimo kilichonichukua muda mrefu kama kile.

"Siendi."

"Basi fungua mdomo."

Nikala keki. Ilikuwa na sukari nyingi kupita kiasi. Nikamaliza yote.

MC akaita mjomba naye aje alishwe. Mjomba hakuonekana. Akaita tena. Mjomba alikuwa nyuma ya nyumba, anapepea mkaratusi kwa boksi langu.

Nyama ilipoletwa, harufu iliingia turubaini kabla ya sinia. Kwa mliowahi kupakwa dawa ya kifua mkiwa wadogo, ndiyo hiyo hiyo. Nje imeungua, kati ina maji, na kote ina mkaratusi. Baba mkwe alitafuna muda mrefu.

"Hii imewekwa dawa gani?"

Anaeli, uso umejaa masizi, akajibu, "Baba, moto ulikuwa umekufa kabisa. Nimeiokoa dakika za mwisho."

Wazee wakamshukuru. Mmoja akampigia makofi. Babu mmoja mwenye kikohozi alisema tangu asubuhi hajapumua vizuri kama hivyo, akaomba afungiwe kipande cha nyumbani. Na mimi, mwenye daftari la vipimo vya Jumamosi nne, nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Asante sana, shemeji." Nilimaanisha nusu yake. Ile nusu nyingine sijaisema mpaka leo, naiandika hapa kwa sababu najua hapiti jukwaani.

Tumaini alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Alichukua kipande cha kidari, akakinusa, akakirudisha kwenye sinia, akasema, "Ya kwangu ilikuwa tamu kuliko hii." Nikamwambia najua. Akatikisa kichwa, akanimiminia soda.

Basi funzo, wakuu. Smoker isiyohitaji kuangaliwa ipo. Ni pipa la kusimama, lenye koki chini na mfuniko unaobana, mkaa wa kutosha na kuni kavu za mti wa kahawa. Nimeitumia mara sita tangu siku ile, tukiwa wenyewe wanne tu, na haijawahi kuniangusha. Ambacho sijakiona sokoni ni wanaume wasiohitaji kuangalia nyama. Ukinunua mtambo, wapime na wageni wako. Na kama lazima uandike tangazo, andika "SUMU," tena kwa herufi kubwa.

Fundi Saidi nimemrudia aongeze kitasa cha kufuli kwenye mfuniko. Alipouliza ni cha nini nilimweleza yote. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Nilikuuliza mapema, mzee, hili ni la kufichia nini. Kumbe ni nyama, na unawaficha mashemeji."

Mlioshajaribu mparachichi au mpera kwa moshi, naombeni matokeo, na mtaje kama kuni zilikuwa kavu. Na kama kuna mdau ambaye mashemeji zake hukaa kwenye viti mpaka chakula kiletwe, ajitokeze atuambie alioa wapi.