Mwandiko wa Baba kwenye Simu ya Mama

Dada yangu tunamwita Fundi, kwa utani tu, maana hata msumari hajui kupigilia. Kazi yake ni kutunza fonti, yaani mitindo ya herufi, ndani ya programu inayochora maandishi kwenye skrini: ipi ipakiwe, ipi ifutwe, na ikikosekana, ipi ishike nafasi yake.

Baba alipofariki, Dada alichukua barua zake za zamani, akanakili herufi moja moja, akatengeneza fonti. Akaiweka kwenye seva ya kazini, ile kompyuta kuu, pamoja na zile nyingine, akaiunganisha na simu ya Mama. Tangu hapo kila tulichomwandikia Mama kilimfikia kwa mwandiko wa Baba, ile “g” yake imelala ubavu. Mama alisoma polepole huku anacheka peke yake. Mimi niliona uchuro.

Barua zenyewe zililoa bomba la jikoni lilipopasuka. Tulizitupa bila hata kuumia. Si fonti ilikuwepo? Nakala nyingine Dada hakuweka. Alisema kazini ndiko kwenye usalama.

Kisha Mama akapasuliwa macho, akakatazwa skrini miezi mitatu.

Sasa, kuna sheria mbili ambazo Dada aliziandika mwenyewe, na alijisifia nazo mpaka tukachoka. Fonti ambayo hakuna skrini iliyoiomba kwa siku sitini inafutwa, nakala zake pia, seva isijae. Na fonti ikikosekana, programu isilalamike, ichukue nyingine kimyakimya. Kwa hiyo ya Baba ilipofutwa, hakuna aliyejua.

Mama alipiga simu siku aliyoruhusiwa kusoma. Dada akaweka sauti nje ili na mimi nisikie.

“Wanangu, ujumbe wenu nimeuona. Lakini mbona si mwandiko wa baba yenu?”

Dada alifungua kompyuta, akatafuta, akatafuta tena. Fonti haikuwepo. Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kulia.

“Mama,” akasema, “ni macho hayo. Bado hayajapona sawasawa.”

“Kumbe! Mimi nilishaogopa. Basi nitavumilia.”

Tangu siku hiyo Mama anatia dawa machoni asubuhi na jioni, hakosi hata mara moja. Na kila Jumapili anatuomba tumwandikie chochote, hata mstari mmoja, aone kama amepona.