Oili Kwenye Nduma za Tata

Nilipofungua gereji yangu Kiganjo, nilifurahi kwamba mtaro ulipita mbele ya lango. Oili chafu niliimwaga humo asubuhi, na mvua iliponyesha iliiondoa yote. Niliamini maji yale yanaenda kusafishwa mahali, pamoja na ya vyoo. Sikuwahi kuuliza mtu. Nilimwaga hivyo kwa miaka minne.

Shangazi yangu, ambaye nyumbani tunamwita tata, alilima nduma, yaani magimbi, bondeni, kando ya kijito kinachoingia mto Chania. Alinilea baada ya mama kufariki, na nduma hizo ndizo zilizonisomesha ufundi.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, akanipigia simu. "Kuja uone hii maji. Mimi siielewi."

Nilimkuta ndani ya tope, gambuti zake miguuni. Mabua ya nduma yalikuwa yamepakwa weusi hadi kimo cha magoti, na maji yaling'aa rangi rangi. Nikachovya kidole, nikanusa. Harufu ile hutoka nguoni mwangu kila jioni.

"Ni viwanda, ama?" akauliza.

Nilifuata maji kuelekea juu, nikiruka takataka, mpaka nikafika kwenye bomba la zege lililotokeza ukingoni. Nikapanda ukingo ule, nikatokea barabarani. Lango la gereji yangu lilikuwa mbele yangu kabisa, na mtaro wake ukiingia kwenye bomba lile. Hapakuwa na mtambo wa kusafisha wala wavu wa kuzuia hata chupa. Kila nilichomwaga kilishuka moja kwa moja shambani kwake.

Nilirudi chini. "Tata, ni mimi. Ni oili yangu."

Akasema, "Na mfereji wa nyumbani ukikauka, sisi hunywa hapa."

Hilo sikuwa nalijua.

Siku iliyofuata nilinunua pipa la oili chafu, nikaleta unga wa mbao wa kunyonya oili inayomwagika sakafuni. Jirani yangu anayeosha magari alinicheka, akasema mvua huondoa uchafu bure. Nikamshusha bondeni. Alipanda juu, na wiki hiyohiyo akachimba shimo la kunasa matope na sabuni.

Tata aling'oa nduma zote. Hajawahi kunilaumu hata mara moja. Nikimwuliza atapanda tena lini, ananimiminia chai na kuuliza habari za watoto wangu.