Mwalimu Kabula na Ndege wa Herufi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kabula aliloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto mpaka vidole vikubali kukunjika. Alikuwa amefundisha kupiga taipu miaka mingi, kwanza Tabora, halafu hapa Mpanda, kwenye darasa la ukatibu muhtasi la parokia pale Majengo. Daktari wa zahanati alishamwambia apumzishe viungo. Kabula alicheka tu, akameza vidonge vyake, akapanda baiskeli kutoka nyumbani kwake Makanyagio na kwenda kufundisha.

Wanafunzi wake wengi walikuwa mabinti wa makazi ya Mishamo, watoto wa wakimbizi wa Burundi, waliopanga vyumba mjini wapate ujuzi wa kuwaingiza ofisini. Taipureta za parokia zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na utepe wa wino ulikuwa haupatikani. Ndipo marafiki wa parokia kutoka ng'ambo wakaleta kompyuta mbili zilizokwisha kutumika. Paroko alizibariki, watu wakapiga makofi, na kuanzia siku ile hakuna binti aliyetaka kuzigusa.

Walikaa mbele ya mashine mikono ikiwa mapajani, kama wageni kwenye nyumba ya watu wasiowajua. Aliyeogopa kupita wote alikuwa Libérate. Karani mmoja kule makazini alishamwambia kwamba ukibonyeza kitufe kibaya, mashine inakufa.

"Mwalimu, na ikifia mikononi mwangu?" aliuliza.

"Haifi, mwanangu. Bonyeza."

Libérate alibonyeza mara moja, akarudisha kidole haraka kana kwamba kimeungua.

Kabula alichoka kuwabembeleza. Ndipo akakumbuka utoto wake. Baba yake, mzee Malale, alihama Usukumani na ng'ombe wake akaja kukaa Mpimbwe, na huko wakajifunza kulima mpunga. Mpunga ukianza kukomaa, Kabula na ndugu zake walishinda shambani kutwa nzima wakiwinga ndege. Hakuna aliyewafundisha. Ndege akishuka, mkono ulirusha jiwe wenyewe kabla kichwa hakijawaza. Akajiambia: kama herufi zingeshuka kwenye kioo cha kompyuta kama ndege wanaovamia mpunga, na binti akabonyeza herufi ileile ili kumfukuza ndege, woga ungepata wapi nafasi?

Ndani ya kompyuta mlikuwa na lugha ya kuandikia programu inayoitwa BASIC, na pamoja na mashine kilikuja kitabu chake. Jenereta ya parokia iliwaka mpaka jioni kwa ajili ya zahanati, hivyo mabinti wakishaondoka, Kabula alibaki darasani na kitabu magotini. Alikosea, akafuta, akaandika upya. Baada ya wiki kadhaa herufi A ilishuka kwenye kioo kama tone la maji. Alipobonyeza A, ikatoweka. Kabula alikaa akiitazama, peke yake, huku vidole vikimuuma hadi kwenye kiwiko. Hakuruka kwa furaha. Alivuta pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo nusu ya safari.

Tatizo lilikuja alipoongeza ndege. Wakiwa watatu, mchezo ulikwenda vizuri. Wakifika kumi, kioo kilianza kupepesa na herufi zikashuka kwa kusuasua, mpaka binti aliyekuwa akijaribu akapiga miayo.

Rafaeli, mwalimu wa hesabu wa sekondari aliyewahi kusomea kompyuta Dar es Salaam, alipita siku moja akauona.

"Dada Kabula, wazo ni zuri sana," alisema, na alimaanisha. "Ila hii BASIC ni ya kujifunzia. Mashine inasoma mstari mmoja mmoja huku ikikimbia, ndiyo maana inachoka. Tumia Pascal. Ile inatafsiri programu yote kwanza, halafu inakwenda kama upepo."

"Kwa hiyo hii niliyoandika naipeleka huko?"

"Hapana. Unaandika upya."

Kabula alitazama mikono yake. Rafaeli hakuiona, macho yake yalikuwa kwenye kioo.

Aliandika upya. Rafaeli alileta Pascal kwenye disketi, akawa anakuja Jumamosi kumwelekeza, na kweli alikuwa mwalimu mzuri. Lakini kuandika mistari ile kulibaki kazi ya Kabula, na mvua za mwisho wa mwaka tisini na saba zilikuwa zimeanza. Baridi ya mvua iliingia kwenye viungo. Jioni nyingine alishindwa kushika mwiko, jirani yake Ng'washi akaja kumsongea ugali bila kuuliza. Kabula alipomaliza kuandika, ndege kumi na tano walishuka bila kioo kupepesa. Rafaeli alimpigia makofi. Kabula alitaka kulala tu.

Mvua zile hazikuwa na mfano. Reli ya kwenda Tabora ilikatika, treni ikaacha kuja, na dizeli ya jenereta ikaisha. Darasa lilifungwa. Walipofungua tena, chumba kilinuka unyevu, na ukungu wa kijani ulikuwa umeota kwenye begi la disketi. Kompyuta yenye Pascal iliwaka, ikakoroma, ikazima, isiwake tena. Rafaeli aliifungua akahangaika nayo kutwa nzima, shati likimganda mgongoni. Disketi hazikusomeka hata moja. Kazi yote ya Pascal ilikuwa imepotea. Kilichobaki ni ule mchezo wa kwanza wa BASIC, kwenye kompyuta ya pili.

"Pole sana," Rafaeli alisema. Kisha uso wake ukachangamka. "Lakini labda ni heri. Kuna lugha ya C. Michezo yote mikubwa inaandikwa kwa C. Na kuna rafiki yangu ana vipande vya programu vilivyo tayari, vya kuchora picha. Tutaweka ndege wenye mabawa, dada! Wenye rangi!"

"Ndani ya mwaka mmoja nimeandika mchezo uleule mara mbili, Rafaeli."

"Najua. Lakini C ukishaishika, hutahama tena."

"Hata Pascal uliniambia hivyohivyo."

"Sasa unataka kurudi BASIC? Huko ni kurudi nyuma."

"Narudi mahali ninapoweza kukaa," Kabula alisema. "Wewe unachagua lugha kwa kutazama mashine. Huna kosa, mashine unaijua. Mimi nachagua kwa hivi." Akamwonyesha vidole, vimevimba kwenye maungio, kimoja kikiwa kimeanza kupinda.

Rafaeli alivitazama kama anaviona kwa mara ya kwanza. Aliondoka akiwa amenyong'onyea, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata.

Kabula alipunguza ndege wakabaki watatu kwa wakati mmoja. Akaondoa mapambo yote. Chini ya kioo akachora mstari wa alama zinazofanana na masuke ya mpunga, basi. Jumatatu akamkalisha Libérate mbele ya mashine.

"Ndege wanashuka kwenye shamba lako," alimwambia. "Wafukuze."

Libérate alibonyeza kwa woga. Ndege wa kwanza alitua, suke likatoweka. Wa pili vilevile. Wa tatu alipokaribia, Libérate aliguta kwa Kirundi, akapiga kitufe, na ndege akapotea. Darasa zima likaangua kicheko. Mpaka kengele inalia, mabinti walikuwa wamepanga foleni nyuma ya kiti, wakisukumana.

Lililotokea baadaye Kabula hakulitegemea. Siku moja alimkuta Libérate amesimamisha mchezo na kufungua mistari ya programu yenyewe, kwa sababu BASIC haifichi kitu, anayetaka kuona ndani anaona.

"Samahani, Mwalimu," Libérate alishtuka. "Niliona hapa mmeandika herufi za ndege. Q, P na Z ndizo zinazonishinda. Nimeziongeza, ili waje wao kwa wingi."

Kabula aliinama akasoma. Kosa moja lilikuwepo, alama ya nukuu haikufungwa. Akamwonyesha kwa kidole, hakuiandika yeye. Libérate akaiweka, mchezo ukawaka, na Q zikaanza kushuka kama mvua.

Rafaeli alirudi kipupwe kilipoanza. Alisimama mlangoni, akatazama mabinti wanavyogombania kiti, kisha akaomba nakala kwa ajili ya wanafunzi wake. Kabula akampa.

"Mchezo bado unasuasua ukizidisha ndege," Rafaeli alisema.

"Ni kweli."

"Kwa Pascal usingesuasua."

"Hilo nalo ni kweli," Kabula alijibu, na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka.

Mwaka uliofuata Kabula aliacha kufundisha. Parokia ilimpa Libérate darasa lile, kwa majaribio kwanza, halafu moja kwa moja. Mchana mmoja Libérate alikuja Makanyagio na disketi mpya mkononi. Mwalimu Rafaeli alikuwa amempa Pascal, na alitaka kujua: auhamishie mchezo huko, au auache ulipo?

Kabula alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliitazama disketi, akamtazama binti.

"Utaandika upya wote, unajua?"

"Najua, Mwalimu."

"Na inaweza kuja lugha nyingine kabla hujamaliza."

"Najua."

"Basi chagua mwenyewe," Kabula alisema. "Mimi nilishachagua ya kwangu." Akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi, wakachambua maharage pamoja mpaka jua likashuka.