Mzee Kabati na Kidirisha Kiulizacho

Ofisini walimwita Mzee Kabati, na wala hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya maji, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, na kwa miaka thelathini na moja hakuna faili lililoingia au kutoka bila kupita mikononi mwake. Mhandisi akitaka ramani ya bomba lililofukiwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, hakujisumbua na rejista. Alichungulia tu mlangoni akasema, "Mzee, lile bomba la nyuma ya stendi." Naye, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai, alijibu, "Rafu ya nne, jalada la kijani. Ukurasa wa mwisho umechanika, aliuchana yule mhasibu aliyestaafu." Wageni walidhani anatia chumvi. Wakienda kutazama walikuta ndivyo.

Aliingia pale kama mpeleka barua, na majalada aliyajua kwa kuyabeba, si kwa kuyasomea. Kitu kimoja alijivunia kuliko vyote: hakuwahi kuandika jambo lake pembeni ili asilisahau. Karatasi ilikuwa ya mambo ya ofisi. Ya kwake aliyatunza kichwani, na kichwa hakikumwangusha hata siku moja.

Sasa Jumatatu moja programu zote za ofisi zikasasishwa kwa mpigo. Asubuhi alipowasha kompyuta yake afungue barua pepe, kikatokea kidirisha kidogo cheupe katikati ya kioo, kikamtaka aingize neno la siri. Akaingiza. Barua zikafunguka, akasoma mbili, kidirisha kikarudi. Akaingiza tena. Kikarudi tena. Mara ya tano kikamwambia amekosea, na chini yake, kwa herufi ndogo za buluu, kikamuuliza: Umesahau?

Mtu mwingine angeitukana mashine akaenda kunywa chai. Mzee Kabati alitokwa na kijasho chembamba, akageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake. Nami siwezi kumcheka, kwa sababu ninajua alichokuwa akikiogopa. Mama yake mzazi alikuwa mwanamke aliyejua siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa ukoo, na alipofika umri wa miaka hamsini na minane akaanza kusahau ufunguo, kisha chungu motoni, kisha njia ya kisimani aliyoipita maisha yake yote. Mwishowe mwanawe alipokwenda kumtazama, yule mama alipiga magoti kidogo akamwambia, "Shikamoo kaka," akasubiri kuitikiwa. Akamwitikia marahaba. Angefanyaje? Baadaye alizunguka nyuma ya nyumba akalia kama mtoto.

Mwaka huu Mzee Kabati mwenyewe alikuwa ametimiza hamsini na minane.

Basi akabonyeza zile herufi za buluu, akabadilisha neno la siri. Siku mbili zilipita salama, au tuseme nusu salama, kisha kidirisha kikarudi na kuuliza lile lile. Akabadilisha tena. Akaweka jina la mjukuu wa kwanza na mwaka aliozaliwa, akaweka namba ya jalada la zamani kuliko yote, akaweka jina la mtaa aliokulia. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa amebadilisha mara sita na hakuandika hata moja popote, maana kuandika kungekuwa kukiri. Hakujua kwamba simu yake, iliyokuwa mfukoni mwa shati na ambayo nayo ilipokea barua za ofisi, ilibaki ikibisha hodi kwa neno la zamani kila baada ya dakika chache, mpaka mitambo ikachoka nayo na kumfungia mwenyewe nje.

Mtauliza kwa nini hakwenda kwa fundi wa kompyuta, naye yuko ghorofa ya juu tu. Tatizo lilikuwa daftari. Meneja wa ofisi ile alikuwa mtu wa kupenda matangazo, na safari hii alibandika moja kwamba yeyote atakayesahau neno lake la siri asaini kwenye daftari mezani kwa fundi: jina, kitengo, na sababu ya kusahau. Majina yangesomwa kwenye kikao cha Ijumaa. Sasa niambieni, nani mwenye akili zake angekwenda kusaini? Ijumaa ikafika, ukurasa mweupe pe, na meneja akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba masasisho yamekwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mzee Kabati alikuwa amekaa kiti cha nyuma, akapiga makofi na wenzake, na moyoni akasema: ni mimi peke yangu.

Tangu hapo hakutulia. Alikuwa hakai akakalika. Alinyanyuka kwenda kwenye rafu akashika jalada lisilohitajiwa, akalirudisha, akarudi kuketi, akanyanyuka tena. Korido aliipima kwa miguu huku akijitajia namba za mafaili chini kwa chini, na akimkuta mtu alijifanya anakohoa. Alimuuliza mama wa chai, "Hivi leo ni lini?" kisha akacheka haraka aonekane anatania. Nyumbani alifunga mlango, akaenda chumbani, akarudi kuukagua, akaenda, akarudi.

"Baba watoto, una nini?" mkewe alimuuliza mwisho wa wiki ile ya kwanza. "Unaniyumbisha macho kwa kuzunguka."

"Miguu tu. Imekufa ganzi."

"Miguu iliyokufa ganzi ndiyo inatembea hivyo?"

Alikaa, na kabla mkewe hajamaliza kukunja nguo mbili, alikuwa amesimama tena dirishani.

Jumanne ya wiki ya pili kidirisha kilimwachia dakika chache. Alizitumia kuandika barua kwa meneja: kwamba anaomba kustaafu kabla ya wakati, kwamba kichwa chake hakiaminiki tena kwa kazi ya masjala, kwamba ni heri aondoke mwenyewe watu wakiwa bado wanamheshimu. Akabonyeza kutuma. Papo hapo kidirisha kikaruka mbele, kikauliza neno la siri, naye akaizima kompyuta kwa hasira, akiamini barua imeshakwenda.

Jumatano alikutana na meneja kwenye ngazi. Meneja alisema, "Habari za kazi, mzee," akapita. Hakuna zaidi. Mzee Kabati alibaki ameshika ukuta wa ngazi, akijiambia kwamba kumbe hata kujibiwa hastahili.

Alhamisi asubuhi fundi wa kompyuta alishuka masjala kwa shida nyingine kabisa, printa inayomeza karatasi. Alikuwa binti mwembamba, kalamu imechomekwa kwenye nywele, mwenye tabia ya kuzungumza na mashine kana kwamba ni watoto wakorofi. Alikuwa amepiga magoti anaichokonoa printa wakati kidirisha kilipojitokeza kwenye kompyuta ya mzee. Mzee aliruka kwenye kiti akakiziba kwa mwili wake.

"Mzee, unaficha nini?"

"Sifichi kitu. Wewe shughulika na hiyo printa."

Fundi akanyoosha shingo, akakiona, akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni. "Hata wewe!"

"Hata mimi nini?" Sauti ilimtoka kwa ukali asioukusudia.

"Usikasirike, mzee wangu. Kinakuuliza neno la siri, unaingiza, kinarudi? Mwishowe kinakuambia umekosea?"

Alitaka kukana, akashindwa. "Ndiyo," alisema. "Mwanangu, nimebadilisha mara nyingi sijui hata idadi. Ninasahau. Nimeanza kusahau."

Binti aliacha kucheka. Alisogeza kiti, akaketi mbele yake. "Nisikilize. Hujasahau kitu. Leo asubuhi nimemkuta mhasibu chooni analia na simu yake. Mhandisi anatumia barua pepe ya mkewe. Meneja mwenyewe siku kumi hajafungua barua hata moja, ananiambia yuko 'kwenye mafungo ya kutafakari'. Wote mmefungiwa nje, wote mmenyamaza kwa ajili ya lile daftari la kipuuzi. Mimi nakaa juu nafikiri mambo shwari!"

"Wote?"

"Wote! Programu mpya imebadilisha namna ya kuingia. Ndani ya kompyuta kuna neno la zamani limehifadhiwa, basi yenyewe inalipeleka lile lile, inakataliwa, inakugeukia wewe kukuuliza. Wewe unaingiza la sawa, yenyewe inarudia la zamani. Na ukibadilisha ndiyo unaharibu zaidi. Hebu toa simu."

Mzee Kabati akaitoa mfukoni kama mtu anayesalimisha silaha. Fundi akaitazama akatikisa kichwa. "Mchawi wako huyu hapa."

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Alifuta maneno yote ya zamani yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta, akaiondoa barua pepe kwenye simu na kuiweka upya, akamtaka mzee atunge neno jipya moja, la mwisho. Kisha mzee akaingia mara moja, simu ikaletewa tarakimu za kuthibitisha, akazisoma kwa sauti, akaziingiza. Wakasubiri. Dakika moja. Tano. Kidirisha hakikurudi. Fundi akafunga programu akaifungua tena, na barua zikafunguka bila swali lolote.

"Na sasa tazama," alisema kwa fahari, "hata zako zilizokwama zinaanza kutoka. Zilikuwa kumi na moja kwenye foleni."

"Zipi zilizokwama?"

"Ulizotuma zikashindwa kwenda. Hiyo imetoka. Hiyo nayo..."

Mzee Kabati alitoa macho. Barua ya Jumanne! Alijitupa chini ya meza kwa wepesi ambao hakuwa nao tangu enzi za kupeleka barua, akaung'oa waya wa mtandao ukutani, akatoka na vumbi kwenye nyusi na waya mkononi.

"Mzee! Utaniua kwa presha!"

"Imekwenda? Ya meneja, imekwenda?"

Fundi aliinama kwenye kioo. "Ya meneja... ipo. Ndiyo ilikuwa inafuata."

Aliisoma barua yake kwa mara ya kwanza tangu aiandike. Kila neno lilimtia aibu. Kichwa changu hakiaminiki tena. Nani kasema? Akaifuta kwa kidole chake mwenyewe, akabonyeza kwa nguvu kana kwamba anaua mbu, na fundi, aliyekuwa ameona kichwa cha barua, akarudi kwenye printa yake.

Furaha ilimpanda mpaka utosini. Siku kumi za roho juu juu, na kumbe ni mashine! Alizunguka chumba kizima, safari hii si kwa wasiwasi, akizigonga rafu moja moja na kutaja kilichomo, na kila moja aliipata. "Unasikia, mwanangu? Ya saba, mikataba ya visima! Ya nane, malalamiko!" Fundi akamwitikia kutoka nyuma ya printa kama mtu anayeitikia wimbo. Mzee alitaka kumwambia mtu aliyeteseka kwa ajili yake bila kujua sababu. Akachukua simu, akampigia mkewe.

"Mama watoto! Una nafasi kidogo? Kuna jambo nimekuficha, naomba unisamehe. Nilidhani nimeanza ugonjwa wa mama. Siku zote hizi nilikuwa na hofu hiyo, ndiyo maana sikutulia. Lakini si mimi! Ni kompyuta, ofisi nzima imepatwa. Fundi amenionyesha kwa macho yangu."

Upande wa pili akasikia magari yakipita, na honi.

"Mbona husemi kitu? Umenikasirikia kwa kukuficha?"

"Hukunificha, mume wangu," mkewe alisema polepole. "Uliniambia juzi."

"Juzi gani?"

"Jumanne jioni. Ulirudi ukakaa kitandani na viatu vyako, ukaniambia yote. Kompyuta ulinitajia, lakini si hiyo tu. Ulisema siku ile ulishuka stendi ukakaa saa nzima kwa sababu hukukumbuka nyumbani ni upande gani. Tukalia wote wawili. Nikampigia daktari mbele yako, akatupangia Alhamisi."

Mzee Kabati alitafuta kiti kwa mkono, akaketi. Aliitafuta Jumanne jioni. Alikuta barua, hasira, kompyuta iliyozimwa. Baada ya hapo akakuta Jumatano asubuhi na meneja kwenye ngazi. Katikati hapakuwa na kitu.

"Alhamisi ni lini?" aliuliza.

"Ni leo. Niko hapa getini. Asubuhi nilikuambia tutaonana saa nne, ukaniitikia."

Aliangalia saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Fundi aliibua kichwa nyuma ya printa, akauona uso wake, akaishusha bisibisi taratibu.

"Nilikuambia nini kingine?" Mzee alisema.

"Ulisema ukija kusahau kwamba umeniambia, nikukumbushe bila kulia."

Pumzi zake zikasikika zikikatika katika simu. Mzee Kabati alichukua koti lake kwenye msumari, akamwomba fundi amfungie mlango, akatoka kwenda getini kwa mkewe.