Soko la Krismasi la Wadachi lilinifuata Morogoro, na kikombe kimoja cha divai kilibaki kidogo kinitie kitanzi

Wakuu, salaam aleikum. Na wale wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Juzi nimesoma uzi wa mwenzetu aliyechukuliwa na bwana wake mpaka Udachi wakati wa baridi, akazungushwa kwenye masoko yao ya Krismasi. Kaeleza soseji za kuchoma, mkate wa tangawizi, divai ya moto, theluji mpaka magotini. Nimeusoma mara mbili mate yakinitoka (kwa tangawizi tu, soseji zao mnazijua ni za mnyama gani).

Mimi sikupanda meli. Soko hilo lilinifuata hapa hapa Morogoro, kwenye jua la Desemba, na nusura niage dunia.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Sitapunguza, na chumvi naiacha jikoni. Picha sina, msiniulize.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike mjini kwetu. Mimi ni Mluguru, Muislamu, mpishi wa Mdachi mmoja mkubwa wa serikali. Watu walimwita Bwana Saa, kwa sababu hata ukimsalimu lazima kwanza atoe saa mfukoni aitazame.

Mkewe tulimwita Bibi. Hakuwa mtu mbaya. Ila ikifika Desemba anakaa barazani anaitazama milima, machozi yanamlengalenga, anakumbuka kwao.

Mwaka ule akasema basi, kama haendi kwenye soko la Krismasi, soko litakuja kwake.

Mafundi wakajenga vibanda sita uani. Matawi ya mivinje yakafungwa kila nguzo. Pamba ikatandazwa juu ya mapaa iwe theluji. Kila upepo ukivuma theluji inaruka mpaka kwenye banda la kuku, nasi tunatumwa kuirudisha.

Kutoka misheni ya Mgeta wakashuka wapagazi na viazi na kabichi, pamoja na Mkristo mmoja fundi wa soseji. Huyo akapewa banda lake mbali, kwa sababu mimi nilishamwambia Bibi mapema kwamba nguruwe simgusi. Akakubali bila neno.

Kazi yangu ilikuwa mkate wa tangawizi. Asali ilitoka Kisaki, nyeusi, nzito, kijiko kinasimama chenyewe. Bibi alitaka mikate midogo yenye umbo la moyo, kila mmoja una utepe, ining'inizwe dirishani mpaka siku yenyewe.

Na hapo ndipo anapoingia Maganga.

Maganga alikuwa askari wa zamu pale nyumbani. Mnyamwezi, mrefu, mdomo hauna mlango. Dini yake si ya msikiti wala ya kanisa, ni ya mababu zake. Na alikuwa mtani wangu. Mnajua Wanyamwezi na sisi ni watani tangu misafara yao ilipokuwa ikipita kwetu kwenda pwani.

Kila asubuhi anaingia jikoni kama kwake.

"Mluguru, leo umempikia nini mkwe wangu Bwana Saa?"

Hajajibiwa, keshanyanyua kipande cha nyama. Nami namtukana mpaka mababu zake, tunacheka, siku inaanza. Mtani akichukua chako hujaibiwa. Huendi kwa mwamuzi, hununi. Hiyo ndiyo sheria na kila mtu humu anaijua.

Mimi niliivunja.

Siku tano kabla ya soko, Maganga alichomoa moyo mmoja pale dirishani akala mbele yangu, akalamba na vidole. Bahati mbaya ule ulikuwa wenye jina la Bibi, ameuandika mwenyewe kwa sukari.

Bibi akaja jikoni mikono kiunoni. "Moyo wangu uko wapi?"

Ningesema panya, wakuu. Jiko gani halina panya? Lakini nilikuwa nimechoka, moto wa tanuri umenikausha, tena niliogopa kufukuzwa kazi. Nikasema, "Maganga."

Jioni Bwana Saa akamwita mbele ya askari wenzake. Akamwambia akigusa tena chakula au kinywaji cha nyumba ile, hata tone, ni hamsa ishirini. Kwa mliozaliwa majuzi, hiyo ni viboko ishirini na vitano, umelazwa chini, watu wanatazama.

Maganga akapita jikoni. Hakuingia, alisimama mlangoni.

"Mtani, umenisemea kwa mzungu?"

Nikainama kuchochea moto. Akaondoka, na siku zote zilizofuata hakukanyaga jikoni kwangu. Niliona aibu, lakini aibu ya kiburi, ile ya kujiambia kwani nimesema uongo?

Siku ya soko ikafika. Saa tisa alasiri, jua bado kali, wazungu wakaja na makoti mazito ya kwao, eti ndiyo desturi. Wanatoka jasho mpaka ndevu zinachuruzika. Wengine walitoka Kilosa, wengine mashambani, na mapadri wawili walishuka mlimani.

Bibi akanikabidhi sufuria kubwa la divai. Mdalasini, karafuu, iliki, maganda ya machungwa, sukari. Akaniambia vizuri kabisa, "Ipate moto tu. Isichemke."

Nikasema ndiyo, Bibi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mimi nimekulia kwenye chai ya viungo. Kwetu chai isiyochemka ni maji ya kuogea. Kiungo lazima kichemke, povu lipande na kushuka mara tatu, ndipo kitoe utamu wake. Nikajiambia huyu Bibi ni mgeni wa karafuu, karafuu inatoka kwetu. Nikaongeza kuni.

Divai ikachemka barabara. Nikaongeza karafuu kiganja kizima.

Na sikuonja. Ningeonjaje? Kukoroga nilijiruhusu, kunywa hapana. Kwa hiyo sikujua kwamba ile divai imekuwa chungu kama shubiri.

Wa kwanza kuchotewa alikuwa mwenye shamba mmoja, sisi tukimwita Bwana Masharubu. Wakati wa vita vya Majimaji alipoteza rafiki zake huko kusini, na tangu hapo hakula kwa mtu mweusi bila kunusa kwanza. Akapiga funda moja kubwa.

Akatema.

Akashika koo, uso ukawa mwekundu, akapiga kelele kwa lugha yao. Neno moja nilikuwa nalijua, kila mpishi wa Mdachi analijua. Alisema sumu.

Soko lote likasimama. Wanawake waliokuwa wakingoja kuchotewa wakaweka vikombe chini. Padri mmoja akafanya ishara ya msalaba. Bunduki za askari zikashuka begani, na mmoja wa askari wale alikuwa Maganga.

Bwana Saa akaja, akachota kikombe, akaninyooshea.

"Kunywa."

Nilikipokea.

Nikasema, "Bwana, mimi Muislamu. Sinywi. Hakuna sumu, ni karafuu tu imezidi."

Masharubu akacheka vibaya. "Kunywa yote. Usipokunywa, tumeshajua."

Najua wapo watakaoandika hapa chini kwamba aliyelazimishwa hana dhambi. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliniambia hivyo hivyo baadaye. Lakini pale kichwani sikuwa na mwalimu, nilikuwa na baba yangu. Marehemu baba alikuwa wa kwanza kwenye ukoo wetu kuacha pombe ya ngoma. Ndugu zake walimcheka mpaka anaingia kaburini, na mimi nilimshika mkono nikamwahidi kwamba sitaonja.

Nikiacha kunywa, ni kamba. Nikinywa, ahadi ya baba imekwenda na maji. Nilikitazama kile kikombe, mvuke unanipiga puani. Naapa nilishaanza kukipeleka mdomoni.

Kikombe kikatoka mkononi.

Sikuelewa mara moja. Nikaona mkono mrefu umepita begani kwangu, na Maganga amesimama kati yangu na Bwana Saa, bunduki ameitupa mgongoni, anakunywa. Alikunywa chote, akakipindua waone hakijabaki kitu.

"Cha Mluguru ni changu," akasema. "Hata uchawi wake ni wangu. Lakini mtani, kupika hujui."

Hakuna aliyecheka. Bwana Saa akatoa saa.

"Nusu saa," akasema. "Asimame hapo."

Wakuu, sijawahi kuona nusu saa ndefu vile.

Maganga kasimama juani kando ya sufuria. Mimi nimeshikwa mikono na askari wawili. Sumu hakuna, hilo nalijua. Lakini alikuwa zamu tangu alfajiri, hajala kitu, na kikombe kizima cha divai ya moto kimeingia kwenye tumbo tupu. Nikaona jasho linamtoka usoni kama mvua. Macho yakaanza kulegea.

Kisha akayumba.

Masharubu akaweka mkono kwenye bastola. Bibi akaziba mdomo. Nami nikawaza, huyu akianguka kwa njaa tu, mimi nimekufa. Nikaanza kusoma Yasini kimoyomoyo nikakwama katikati, Yasini ninayoijua tangu utoto.

Akayumba tena. Akapanua miguu, akashika ukingo wa meza. Akabeua, beuo la kusikika mpaka banda la soseji.

"Karafuu," akasema.

Padri mmoja akacheka bila kutaka. Akaja akachovya kijiko, akaonja, akakunja uso, akamwambia Bwana Saa maneno marefu. Naona alimweleza kwamba imechemshwa, kwa sababu Bibi alinigeukia na kunitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Mshale wa saa ukafika. Saa ikarudi mfukoni. Wakaniachia mikono.

Nikadhani yamekwisha.

Bwana Saa akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma orodha, kwamba mpishi hana kosa ila ujinga. Lakini askari ameonywa majuzi mbele ya watu, na leo amekunywa kinywaji cha nyumba, tena yuko zamu. Hamsa ishirini.

Hapo ndipo nilipopata akili. Nikaenda mbele, nikapiga magoti. "Bwana, nipige mimi. Kosa ni langu, na lile la kwanza pia ni langu."

Maganga akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlangoni.

"Nyamaza, Mluguru. Matako gani hayo uliyonayo? Kiboko cha tatu tu kitagonga mfupa."

Wakampeleka nyuma ya zizi. Sokoni wakaanza kuimba nyimbo zao za Krismasi, nyimbo nzuri, za taratibu. Mimi nilisimama pale zizini na kuvihesabu viboko vyote, kwa sababu niliona kuondoka itakuwa dhambi ya pili. Hakupiga kelele. Cha mwisho kilipotua nilikuwa nalia mimi.

Jioni nilimfuata kambini na mafuta ya nazi na sahani ya mikate ya tangawizi. Alikuwa amelala kifudifudi. Nikamwambia, "Mtani, kwa kile kikombe nikulipe nini?"

Akasema, "Kikombe kipi? Kikombe nimechukua cha mtani wangu, hunidai wala sikudai."

Akanyoosha mkono, akachukua mkate mmoja.

"Lakini kwa kunisemea, nataka kuku. Jogoo. Na umchinje wewe mwenyewe mbele ya wenzangu useme kwa nini."

Nilimchinja kesho yake, nikasema mbele ya kambi nzima. Walinizomea, nikapakwa majivu usoni, nikaambiwa nibweke kama mbwa wa wazungu. Nilibweka. Sijawahi kufurahi kutukanwa kama siku ile.

Nilichojifunza ni hiki. Nilijiona mwenye haki kwa sababu nilisema kweli. Lakini kweli yangu niliipeleka kwa mtu asiyejua utani ni nini, akaigeuza kiboko. Na niliyemchongea ndiye aliyesimama nilipoachwa peke yangu. Mambo ya ndani ya watani yaishe ndani, hata kama kuna kinachopotea.

(Na divai ya moto isichemke. Wapishi wenzangu, hilo pia lishikeni.)

Haya, nawaachia uwanja. Mliopikia wazungu, mmewahi kulazimishwa kuonja? Na wenye elimu ya dini, mngekunywa? Wanyamwezi, matusi yenu nayasubiri, ni haki yenu.

Naomba niishie hapa. Ni Desemba tena, mioyo imeshatundikwa dirishani, Maganga yuko zamu, na Bibi ananiita. Anasema kuna mmoja hauonekani.

Nakwenda kumwambia ni panya.