Rundo Moja la Sahani

Dada yangu Celestine amesoma hadi mahali ambapo hapa kwetu Sironga hakuna anayejua anasoma nini. Mimi ni fundi wa nguo sokoni Kebirigo, na kwa miaka saba kila nilipoulizwa nilijibu "kompyuta" nikaendelea kushona. Kumbe hata kompyuta yenyewe haimo. Ni mashine za karatasini tu: kila moja inasoma herufi mojamoja, inaweka kumbukumbu zake kwenye rundo na kuchukua ya juu tu, halafu mwishoni inasema ndiyo au la. Huo ndio uzamifu wake, shahada ya udaktari. Kwa ajili yake aliacha kazi ya kufundisha, mchumba akachoka kungoja akaoa mwingine huko Suneka, na chuo kikamwongezea muda mara mbili, kikasema ya tatu haipo.

Jumatatu angeitetea tasnifu yake. Ijumaa tulikuwa uani tukiosha sahani za kanisa, kwa sababu kesho yake, siku ya Sabato, waumini wangemwombea kisha waje kula kwetu. Sisi ni Waadventista. Sabato huanza Ijumaa jua likitua, na kabla ya hapo kila kazi iwe imekwisha. Celestine aliniomba nimsikilize ajizoeze. Nikamwambia aseme, mikono iko majini lakini masikio ni makavu.

Akasema amethibitisha kwamba mashine mbili za aina yake zinaweza kuunganishwa ziwe moja, zitumie rundo moja. Mimi nilikuwa naweka sahani safi juu ya rundo, yeye anazitoa kuzipangusa. Mikono yetu ikagongana.

"Na mmoja akitaka kuweka wakati mwenzake anataka kutoa?" nikauliza, ili tu nionekane nasikiliza.

"Haitokei."

Nikamuuliza kwa nini. Aliingia ndani akarudi na tasnifu, ukurasa wa hamsini na nane, na pale pameandikwa kwamba ni wazi haitokei. Ni wazi! Maprofesa watatu wameupitia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni wazi kwa nani. Akaanza kuchora mashine mbili pembezoni mwa ukurasa. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka vile. Mchoro wa tatu ulipokamilika, alisema kwa sauti ndogo kwamba inatokea, na sura zote nne zinazofuata zimesimama juu ya ukurasa huo.

Mama akatoka jikoni akasema jua linatua, karatasi ziondolewe. Celestine alimwomba saa moja tu. Mama aliichukua kalamu mkononi mwake kama anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Nilijichukia, sifichi. Asubuhi tukivaa nilimsihi anyamaze: kama maprofesa hawakuona, mshona nguo ni nani? Akachukua Biblia yake akatoka.

Kanisani, mzee wa kanisa Anyona alimwita mbele, akimwita Daktari wetu. Celestine akashika kipaza sauti.

"Niombeeni. Kazi yangu ina kosa, na sijui kulirekebisha."

Watu wakasema amina. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba aliyesoma kweli huwa mnyenyekevu. Kisha wakaja kwetu wakala wali na kuku wote, wakimwita Daktari kila walipotaka mchuzi. Nilitamani kuwafukuza.

Jua lilipotua alimpigia simu msimamizi wake, Profesa Odero. Nilisimama kando yake nikisikia kila kitu. Profesa akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nilitikisa kichwa, nikamshika mkono nikaubana.

"Dada yangu anajua," Celestine akasema. "Na mimi najua."

Profesa akasema basi Jumatatu asije. Atakiandikia chuo barua, ila asitegemee kuongezewa muda. Aliyasema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomliza.

Nikarudi kwenye beseni, nikainamia sahani chafu nisimtazame. Alikuja akachuchumaa upande wa pili.

"Uliza tena," akasema.

Nikamwambia sina swali, na sitamuuliza mtu kitu tena maishani mwangu. Akangoja, machozi yakimdondoka majini, mkono wake juu ya rundo. Basi nikauliza: mmoja akitaka kuweka na mwenzake anataka kutoa, inakuwaje?

Akachovya kidole majini, akaanza kuchora mashine mbili upya juu ya sahani ya juu.